Kinyozi Hajinyoi: Uhakiki wa Wenza katika Uandishi wa Programu za Tarakilishi

Wahenga waliponena kwamba kinyozi hajinyoi, hawakuwa na tarakilishi akilini. Hata hivyo, ni vigumu kupata methali inayoieleza kazi ya mwanaprogramu vizuri kuliko hiyo. Mtu aliyekesha akiandika mistari mia tano ya msimbo huisoma asubuhi yake akaona alichokusudia kuandika, wala si alichoandika. Jicho lake huliruka kosa vivyo hivyo jicho la mwandishi wa tasnifu lirukavyo neno lililochapwa mara mbili. Ndiyo maana, katika miradi ya programu inayojengwa na watu wengi kwa pamoja, pamezuka desturi ya kila mchango kusomwa na mwenza kabla ya kuingizwa katika programu yenyewe. Desturi hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, ila kwa sharti moja: pawepo msomaji maalumu, anayejulikana kwa jina, aliyekubali kuwajibika kwa kile alichokisoma. Fauka ya hayo, ni kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ndani yake, ijapokuwa wengi hawajaiona nafasi hiyo.

Yafaa kuanza na jina la kazi yenyewe, kwa sababu jina huelekeza mwenendo. Wako wanaoiita ukaguzi, wengine usahihishaji, na wengine upitiaji. Ukaguzi humleta akilini mkaguzi wa shule au wa hesabu, na palipo na mkaguzi watu hufagia ua na kuficha yasiyopendeza. Usahihishaji humleta mwalimu na kalamu yake nyekundu, kana kwamba mmoja anajua yote na mwingine hajui lolote. Upitiaji nao hauna uzito, kwani mtu aweza kuipitia matini kama apitavyo njiani. Uhakiki, neno ambalo wanafunzi wa fasihi wamelizoea tangu mwaka wa kwanza, lina mizizi yake katika Kiarabu, katika familia moja na maneno haki na hakika. Hilo ndilo lifaalo. Mhakiki haji kumhukumu mtu. Huja kuthibitisha iwapo matini inafanya kile inachodai kufanya. Aidha, katika miradi hii mhakiki na mhakikiwa ni wenza kwa maana halisi, kwa kuwa leo huyu anasoma na kesho ni zamu yake kusomwa.

Desturi yenyewe si changa. Mnamo 1971 Gerald Weinberg alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya uandishi wa programu, akadai kuwa mwanaprogramu anayeichukulia programu yake kuwa sehemu ya nafsi yake atayatetea makosa yake kama mtu ateteavyo heshima. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuitenga nafsi na kazi, na kuwaalika wenzake waisome. Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, Michael Fagan wa kampuni ya IBM alieleza katika jarida la kampuni hiyo utaratibu rasmi wa kuusoma msimbo. Watu wanne hivi huketi pamoja: kiongozi wa kikao, aliyebuni, aliyeandika na atakayeijaribu programu. Kikao kisizidi saa mbili, kwa sababu jicho lililochoka halioni. (Fagan mwenyewe alichagua neno la Kiingereza lililo karibu zaidi na ukaguzi, na huenda ukavu wa vikao vile ulitokana na jina hilo.)

Programu huria zilipoenea, kikao kilihamia mtandaoni. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, ilikua kwa watu wa mbali kupelekeana viraka kwa baruapepe, yaani vipande vya mabadiliko vinavyoshonewa kwenye msimbo uliopo. Mwaka 1997 Eric Raymond aliandika insha mashuhuri iliyolinganisha ujenzi wa kanisa kuu na shughuli za sokoni, akitoa dai ambalo tangu hapo limekaririwa kama sala: macho yakiwa mengi, hakuna hitilafu itakayoweza kujificha. Dai hilo linavutia. Kwa bahati mbaya limewafanya wengi waamini kwamba kuuacha msimbo wazi ni sawa na kuusoma. Kitabu kilichoachwa wazi juu ya meza ya maktaba hakijasomwa na yeyote, hata wakipita watu elfu kando yake.

Mfano ulio bayana ni wa OpenSSL, programu huria inayotumiwa na seva nyingi kuyafumba mawasiliano ili nywila na nambari za kadi za benki zisisomwe njiani. Siku ya mwisho ya mwaka 2011 kipengele kipya kiliingizwa katika msimbo wake. Kazi yake ilikuwa nyepesi: tarakilishi moja iipelekee nyingine neno, iitajie na urefu wa neno hilo, kisha irudishiwe neno lile lile, ili ijulikane kuwa upande wa pili ungali hai. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mstari uliopima kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Aliyetuma neno "kasuku", lenye herufi 6, akadai kwamba lina herufi 60,000, alirudishiwa kasuku wake pamoja na maelfu ya herufi zilizokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva, na humo mlikuwa na siri za watu wengine. Toleo lenye kosa hilo lilitolewa Machi 2012. Halikugunduliwa na kutangazwa hadi tarehe 7 Aprili 2014, baada ya mhandisi mmoja wa Google na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland kuligundua kila upande kivyake. Ulimwengu ukalijua kwa jina la Heartbleed.

Kwa zaidi ya miaka miwili, basi, mlango ulikuwa wazi katika nyumba ambayo kila mtu aliruhusiwa kuitazama. Mkosoaji wa uhakiki aweza kuongeza kwamba mchango ule ulikuwa umesomwa na mwenza kabla ya kuingizwa. Ni kweli. Lakini huyo mwenza alikuwa mmoja wa watu wachache mno waliobeba mradi uliotegemewa na mabenki na serikali, mradi ambao kabla ya tukio hilo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na kuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Waliotajirika kwa kuitumia programu ile waliamini kwamba kuna wengine wanaoisoma, na wale wengine wakaamini vivyo hivyo. Hata kipimo kilichokosekana hakikuhitaji kipaji cha ajabu kukiona; kilihitaji mtu mwenye saa moja ya utulivu na swali moja la kitoto: je, na aliyetuma akidanganya? Ni baada ya aibu hiyo ndipo, mwezi uo huo wa Aprili, Linux Foundation ilipoyakusanya makampuni makubwa ili yachangie gharama za miradi ya aina hiyo.

Uhakiki hautokani na wingi wa macho, bali na jicho lililoitwa. Katika Linux, msomaji aliyeridhika na kiraka huandika chini yake mstari unaosema kwamba amekihakiki, akafuatisha jina lake kamili na anwani yake ya baruapepe. Mstari huo hubaki katika historia ya programu. Miaka kumi baadaye, kosa likizuka, mtu yeyote ataweza kufungua na kuona nani aliandika na nani alisoma. Si tishio, ila ni uzito fulani unaomfanya msomaji arudi nyuma mara ya pili. Kampuni ya Google nayo huhitaji karibu kila badiliko lisomwe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu utaratibu wake ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu za mabadiliko husomwa na mhakiki mmoja tu, na kwamba badiliko la ukubwa wa kati lina mistari 24 hivi. Mmoja, na mistari michache. Ukweli huu unastahili kuzingatiwa na kila anayedhani kwamba uhakiki ni anasa ya kampuni zenye watu wengi. Mpe mtu mistari ishirini atakuletea maoni kumi; mpe elfu mbili atakuambia kazi ni nzuri.

Hata hivyo, mhakiki naye ahakikiwe. Tukio la programu iitwayo XZ, itumiwayo kubana faili, linaonyesha jinsi utaratibu mzuri unavyoweza kutekwa. Programu hiyo ilikuwa ikitunzwa na msimamizi mmoja aliyejitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta viraka vyema mwaka 2021, huku watu wengine wasiojulikana wakimshinikiza msimamizi yule aliyechoka akubali msaidizi. Akakubali. Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo, ambaye sasa alikuwa na ufunguo wa nyumba, alitoa matoleo mawili yenye mlango wa siri wa kuingilia seva, sehemu yake ikiwa imefichwa katika faili za majaribio ambazo hakuna aliyezisoma kama msimbo. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye alisumbuliwa na jambo dogo mno: kuingia katika seva kulikuwa kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuata nusu sekunde hiyo hadi akafika kwenye shina, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Wengine wangeipuuza wakanywa chai. Aliyejiita Jia Tan alikuwa mwandishi na mhakiki kwa wakati mmoja, jambo ambalo desturi hii iliundwa kulizuia, na lililomwezesha ni upweke wa msimamizi.

Hadi hapa uhakiki umezungumziwa kama ngao dhidi ya makosa. Lakini huenda hiyo si faida yake kubwa. Mwaka 2013 Alberto Bacchelli na Christian Bird walichapisha utafiti uliofanywa katika kampuni ya Microsoft. Wanaprogramu walipoulizwa kwa nini wanahakikiana, walitaja kwanza kutafuta hitilafu. Maoni waliyoandikiana yaliposomwa, ilibainika kuwa hitilafu zilikuwa sehemu ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Faida nyingine kubwa ilikuwa kufundishana, kujua mwenzako anafanya nini, na kupata njia bora ya kufikia lengo lile lile. Kwa maneno mengine, walidhani wanasahihishana kumbe wanasomeshana.

Jambo hili lina maana maalumu nchini Kenya. OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, unaokihusisha Chuo Kikuu cha Moi, na ilianza kutumika mjini humo Februari 2006. Tangu wakati huo imeenea katika nchi nyingi, na wachangiaji wake hawaonani kwa macho. Kijana anayepeleka kiraka chake cha kwanza husomwa na mtu mwenye tajriba ya miaka, bila karo wala barua ya kuombewa nafasi. Atarudishiwa kazi yake mara tatu au nne. Atakapokubaliwa, atakuwa amejifunza mambo ambayo mhadhara wa watu mia mbili hauwezi kumfunza. Na kwa kuwa programu yenyewe hushika rekodi za dawa na vipimo vya wagonjwa, hakuna haja ya kueleza kwa nini inafaa mtu wa pili asome.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba uhakiki huchelewesha. Hili halina uzito mkubwa; kiraka kinachongoja siku mbili ni afadhali kuliko ufa utakaolazimu ukuta mzima ujengwe upya. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la adabu. Uhakiki huweza kugeuka kuwa uwanja wa kuumbuana. Wako wasomaji wanaoacha hoja ya msingi wakagombania nafasi za mabano, na wako wanaomtukana mwandishi badala ya kukosoa maandishi. Torvalds mwenyewe alisifika kwa miaka mingi kwa ukali wa baruapepe zake. Mnamo Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi wake ukakubali kanuni za maadili. Inasemekana na watetezi wa ukali kwamba Linux ilifaulu kwa sababu ya makali hayo. Hoja hiyo haithibitiki, kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu viraka ambavyo havikuletwa na watu walioogopa kuaibishwa mbele ya ulimwengu. Mhakiki wa fasihi aliyefunzwa vyema anajua kutenga usemi na msemaji. Ni stadi inayofundishwa katika idara za Kiswahili kila muhula, ilhali wanasayansi wa tarakilishi aghalabu huachwa waiokote njiani.

Kuna, aidha, makosa ambayo ni msomaji wa Kiswahili pekee awezaye kuyaona. Mnamo Desemba 2004 mradi ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye maelekezo ya Kiswahili, na tangu hapo programu nyingine kadhaa zimetafsiriwa. Mjadala wa wasomi umejikita kwenye istilahi: tarakilishi au kompyuta, ngamizi au la, kipanya kiitweje. Ni mjadala mtamu, ila umelifunika tatizo jingine lililomo ndani ya msimbo wenyewe. Mwanaprogramu anayefikiri kwa Kiingereza hupenda kuijenga sentensi kwa vipande: huchukua idadi, akaongeza nomino, akapachika herufi moja ya wingi mwishoni, kisha akabandika kitenzi kisichobadilika. Kwa Kiingereza sentensi husimama. Kwa Kiswahili huanguka kifudifudi. Faili 1 imefutwa, faili 3 zimefutwa. Mtumiaji 1 amefutwa, watumiaji 3 wamefutwa. Ujumbe 1 umefutwa, jumbe 3 zimefutwa. Kiambatisho 1 kimefutwa, viambatisho 3 vimefutwa. Wingi wa Kiswahili aghalabu hukaa mwanzoni mwa nomino, na kitenzi lazima kiitikie ngeli. Mtafsiri aliyekabidhiwa kipande "imefutwa" peke yake, bila nomino, hana la kufanya. Akiandika lolote, programu itakuja kusema "mtumiaji 3 imefutwa", na msemaji wa Kiswahili atacheka, kisha airudishe tarakilishi yake katika Kiingereza.

Wengi wakiona sentensi kama hiyo humlaumu mtafsiri. Kosa si lake, wala si la Kiswahili. Ni hitilafu ya msimbo, na tiba yake imo katika msimbo. Zipo zana za miaka mingi katika programu huria, kama vile gettext, zinazomwezesha mtafsiri kupewa sentensi nzima, ya umoja na ya wingi kila moja peke yake, mradi mwanaprogramu awe ameiandika nzima tangu mwanzo. Akishaikata vipande, zana haisaidii. Wakati mwafaka wa kulizuia kosa hilo ni pale kiraka kinapohakikiwa, kabla hakijaenea katika sehemu mia za programu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyesoma mofolojia ya Kiswahili angeligundua kwa dakika moja, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hayupo, kwa sababu hakuna aliyemwita, naye hakujua kwamba mlango huo upo na kwamba hauhitaji cheti.

Kwa hiyo lawama zigawanywe. Wanasayansi wa tarakilishi huleta kazi kwa wanakiswahili mwishoni, msimbo ukiwa umekwisha kukauka kama udongo wa kiambaza, wakiomba orodha ya maneno 500 itafsiriwe kufikia Ijumaa. Wanakiswahili nao wamezoea kuhakiki matini zilizokwisha chapishwa, ambazo hazibadiliki tena kwa neno lolote watakalosema, na tasnifu nyingi nzuri hukaa rafuni zikiwa zimekosoa kitabu ambacho mwandishi wake hatapata kuzisoma. Uhakiki wa wenza katika programu huwapa nafasi adimu ya kukosoa matini ingali laini, mbele ya mwandishi awezaye kujibu, kukataa au kurekebisha siku iyo hiyo.

Si lazima pasubiriwe mtalaa mpya wala fedha za wafadhili. Katika vyuo vikuu vingi idara ya Kiswahili na ile ya sayansi ya tarakilishi zimo katika bewa moja, na baadhi hutenganishwa na kijia cha nyasi tu. Kipimo cha Fagan chatosha kuanzia: watu wanne, wawili kutoka kila upande, na saa mbili zisizozidi. Wachague programu huria moja tu yenye tafsiri ya Kiswahili, wafungue sentensi zake zote zinazotaja idadi, na wasome moja baada ya nyingine kwa sauti, wakiweka 1, kisha 3, kisha 0. Watakapopata ya kwanza isiyopatana kingeli, mwanafunzi wa tarakilishi atatafuta mstari wa msimbo ulioizaa, na yule wa Kiswahili ataandika sentensi nzima inayostahili kuwa pale. Kiraka kitakachotokana na hapo kitapelekwa kwa wasimamizi wa mradi kikiwa na majina yote manne.